Uliza Ujibiwe: Furu waliishia wapi, chura aliyegharimu pesa nyingi, na maswali yenu mengine kuhusu viumbe kutoweka

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu kwamba wanasayansi wengi wanaona dunia inaelekea kwenye wimbi la sita la viumbe kutoweka kwa mkupuo, na kwamba safari hii chanzo ni binadamu. Basi meseji zikamiminika. Wengine wametutukana, wengine wamebishana kistaarabu, wengine wameuliza mambo ya maana kabisa. Nimechagua chache, nimefupisha zile ndefu, majina nimeyaacha.

Mhariri, mnatutisha na "spishi milioni moja" kila kukicha. Mimi nipo Dodoma, mbu wapo, mende wapo, kunguru wapo, sijaona kilichopungua. Halafu hata dinosaria walitoweka bila binadamu, au siyo? (Fundi magari, Dodoma)

Fundi, mbu, mende na kunguru ndo wale wale wanaoneemeka pale sisi tulipo, kwahiyo ukiwatumia hao kama kipimo utaona mambo shwari mpaka kiama. Yule kunguru wa pwani mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale uchafu wa mjini, leo ametapakaa pwani yote na anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Yeye yupo tena kwa wingi, waulize wale ndege wengine.

Hiyo milioni moja inatoka kwenye ripoti ya mwaka 2019 ya IPBES, jopo la kimataifa la wataalamu wa bioanuwai, yaani aina zote za viumbe, na haisemi spishi milioni moja zimeshaisha. Inasema kati ya spishi zinazokadiriwa kufika milioni 8 za wanyama na mimea, kama milioni moja ziko hatarini, nyingi ndani ya miongo michache ijayo, na sehemu kubwa ya hizo ni wadudu ambao wewe na mimi tukiwaona tunawakanyaga tu.

Dinosaria ni kweli, jiwe kubwa kutoka angani lilipiga eneo ambalo leo ni Mexico miaka milioni 66 iliyopita. Na kutoweka kwenyewe ni jambo la siku zote, viumbe huja na kuondoka. Kinachosumbua ni kasi, ripoti ile ile inasema kasi ya sasa inazidi wastani wa miaka milioni 10 iliyopita kwa makumi mpaka mamia ya mara. Jiwe halikuwa na bajeti wala mkutano wa kamati, sisi tunavyo vyote viwili, na ndo maana nalijibu swali lako kwa uvumilivu.

Kingine cha kuchukua hapo gereji: mwaka 2018 watafiti walikokotoa uzito wa mamalia wote duniani, wakakuta asilimia 36 ni sisi binadamu, asilimia 60 ni mifugo yetu, ng'ombe, nguruwe na wenzao, na waliobaki wote, tembo, nyangumi, swala, popo, panya wa porini, ukiwajumlisha ni asilimia 4.

Shikamoo. Nauza samaki Kirumba, Mwanza. Marehemu babu alikuwa anatuambia zamani ukitupa wavu ziwani unavuta furu tu, wa kila rangi, siku hizi furu ni wa kubahatisha. Wazee wanasema sangara kawamaliza. Lakini sangara huyo huyo kajenga nyumba za watu hapa na kasomesha watoto. Sasa kosa liko wapi? (Mwuza samaki, Mwanza)

Marahaba mwanangu. Hili swali ndo limenifanya niandike ukurasa mzima, manake watu wanaliuliza kila upande wa ziwa na majibu wanayopewa ni ya nusu nusu.

Babu yako hakutia chumvi. Kabla sangara hajatawala, samaki wa jamii ya furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wote waliokuwa wakivuliwa chini ya ziwa. Na siyo furu mmoja, ni zaidi ya spishi 500, karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Waligawana kazi ukiwasoma unashangaa, kuna wa kuvunja konokono, kuna wa kukwangua mwani kwenye mawe, kuna wa kula uduvi, kuna wa kufukua tope la chini, kuna waliokuwa wanaishi kwa kuwanyang'anya majike wengine mayai na watoto, kwa sababu furu jike anatunza mayai mdomoni mpaka yaanguliwe na vitoto vipate nguvu. Ziwa lenyewe lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita likajaa tena, ina maana utitiri wote ule ulitokea ndani ya muda ambao kwa hesabu za dunia ni juzi tu.

Sasa sangara. Miaka ya 1950 alianza kuingizwa upande wa Uganda, kimyakimya kwanza, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1960 akapandwa rasmi. Wakubwa wa uvuvi wa enzi za ukoloni waliona furu ni visamaki vya miiba visivyo na faida, wakawaza wapate samaki mkubwa atakayewala hao wadogo na kuwageuza nyama ya maana. Siyo kwamba hakuna aliyewaonya. Mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kupinga mpango huo, lakini kufikia hapo sangara alishakuwa majini na samaki huwezi kumwambia rudi.

Kwa miaka kama 20 hivi mambo yakawa kimya, watu wakadhani hakuna kitu. Halafu miaka ya 1980 ikawa ghafla, Kenya wakatangulia, Ghuba ya Mwanza ikafuata katikati ya muongo, furu wakaporomoka ndani ya miaka michache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wameshaanza kazi hapo hapo Mwanza tangu 1977 wakivua na kuandika spishi moja moja, kwahiyo waliliona tukio likitokea mbele ya macho yao, na spishi nyingine ziliisha kabla hazijapewa hata jina. Makadirio ni kwamba spishi kama 200 zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Mara nyingi huwa wanatajwa kama mfano mkubwa kabisa wa wanyama wenye uti wa mgongo kutoweka kwa mkupuo katika zama zetu. Na samaki anayetunza mayai machache mdomoni akikutana na mlaji anayefika kilo 200 hawezi kuzaa haraka akafidia, hesabu haitoki.

Lakini kumbebesha sangara lawama zote ni kumwonea, na hapa ndo wazee wako Kirumba wanakosea kidogo. Ziwa nalo lilikuwa linabadilika. Misitu ya pembezoni ilikatwa, mashamba yakaongezeka, udongo, mbolea na maji machafu ya miji vikashuka ziwani, mwani ukashamiri, maji yakawa ya kijani na kule chini hewa ikapungua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 magugu maji nayo yakaingia. Unajua kwa nini maji ya kijani yanaua furu hata bila sangara? Jike huchagua dume kwa kuangalia rangi. Kwenye miamba ya kisiwa cha Makobe, Ghuba ya Speke, maji bado ni masafi kiasi, na kuna furu wawili wanaofanana karibu kila kitu isipokuwa dume la mmoja ni la buluu ya kijivu na dume la mwenzie ni jekundu mgongoni. Huyo mwekundu jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei, ndiyo, Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipewa jina hilo mwaka 1985. Pale Makobe kila jike linakwenda kwa dume lake na spishi zinabaki mbili. Nenda sehemu maji yalipochafuka, jike haoni vizuri nani mwekundu nani wa buluu, wanachanganyikana, na baada ya vizazi kadhaa hakuna mwekundu wala wa buluu, kuna samaki mmoja wa rangi ya tope. Hakuna aliyeliwa. Spishi imeisha hivi hivi, bila maiti.

Turudi kwenye nyumba za watu. Kweli, sangara alileta pesa, viwanda vya minofu, ajira, dola, na siwezi kukaa mjini nikamwambia mtu wa Kirumba kwamba pesa ile haikuwa pesa. Ila angalia ilivyogawanyika. Furu na dagaa mama wa kawaida alikuwa anaanika juani anauza, mtaji wake ni turubai. Sangara ana mafuta mengi, hakauki juani, anahitaji kuni za kukaangia au kubanika, na kuni zile zilitoka kwenye miti ile ile iliyokuwa inazuia udongo usishuke ziwani. Halafu uvuvi ukahamia kwa mwenye injini na mwenye kiwanda, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yakaenda China, mwenye ziwa akabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Na sangara mwenyewe furu walipoisha alianza kula uduvi na watoto wake mwenyewe. Leo wewe unajua kuliko mimi ni mara ngapi unaletewa sangara ambaye hajafika sentimita 50 za kisheria.

Kosa unaloliuliza basi, mimi naliona hapa: walipopiga hesabu ya faida, furu hawakuandikwa hata kwenye daftari. Wangeandikwa wakaonekana hasara yao ni ndogo kuliko faida, angalau tungesema watu waliamua. Hawakuamua. Hawakujua wana nini.

Habari nzuri kidogo, tangu miaka ya 1990 sangara alipovuliwa sana baadhi ya furu wamerudi, hasa wale wanaokula viumbe vidogo vya kuelea majini, na wa kwenye miamba wengi walinusurika. Ila waliorudi ni spishi chache zenye idadi kubwa. Ukivua ndoo imejaa usidhani wamerudi wote.

Hivi ni kweli serikali na wafadhili walimwaga mapesa kumwokoa chura? Chura! Na sisi umeme unakatika. (Mama wa Ifakara)

Ni kweli mama, na hasira yako naielewa, ila sikiliza kisa chenyewe kwanza.

Kwenye milima ya Udzungwa kuna korongo la mto Kihansi, maji yalikuwa yanaporomoka kwa nguvu mpaka yanarusha ukungu wa manyunyu mchana na usiku. Ndani ya manyunyu hayo, eneo la hekta mbili tu, alikuwa anaishi chura mdogo wa njano, mkubwa wake hafiki sentimita tatu, na hatagi kama vyura wengine, anazaa vichura vilivyokamilika, kimoja kinakaa juu ya ukucha wako na nafasi inabaki. Duniani kote alikuwa hapo tu. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa megawati 180 umeshaanza. Mradi ulipokamilika karibu mwaka 2000, asilimia kama 90 ya maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakata.

Wakafunga mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, yaani mvua ya bandia. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 wakapelekwa Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama. Kule korongoni hali ikaonekana inatengemaa, katikati ya 2003 walihesabiwa maelfu, halafu ndani ya miezi michache wakaanguka karibu wote. Ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu ya kaitridi, ule ule uliomaliza vyura mabara mengine, ulikutwa pale. Mwaka 2009 akatangazwa rasmi kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 mia moja wa kwanza wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

Wengi huisimulia hii kama hadithi ya ushindi. Mimi mama nakubaliana na wewe kwa sababu tofauti na yako, pesa ile ilikuwa nyingi kwa sababu ilikuja imechelewa. Tathmini ya kina ya viumbe wa pale ingefanyika kabla ya ramani ya mradi kuchorwa, pengine kiasi cha maji ya kuachia kingepangwa mapema na tungepata umeme na chura. Ukichunguza baada ya zege kukauka, kila tone unaloliachia linakuwa ugomvi na mwenye taa.

Niko Nanyuki, karibu na hifadhi ya Ol Pejeta. Mwalimu alituambia faru weupe wa kaskazini wamebaki wawili na wote ni wa kike. Sasa wataokolewa aje kama hakuna mume? (Mwanafunzi, Laikipia)

Mwalimu amesema kweli. Sudan, dume la mwisho, alikufa tarehe 19 Machi 2018 akiwa mzee wa miaka 45. Wamebaki Najin na binti yake Fatu, walioletwa Kenya mwishoni mwa 2009 kutoka bustani moja ya wanyama huko Czech, na wote wawili hawawezi kubeba mimba. Porini wa mwisho walikuwa hifadhi ya Garamba, Congo, vita na majangili wakawamaliza.

Mpango ni huu: tangu 2019 wanachukua mayai ya Fatu, wanayapeleka maabara Italia, wanayarutubisha kwa mbegu za madume waliokufa zilizogandishwa zamani, na viinitete, yaani mimba changa kabisa, vinavyopatikana vinahifadhiwa kwenye baridi kali kusubiri kupandikizwa kwa faru wa kusini ambaye atakuwa kama mama wa kukodi. Januari 2024 walitangaza kwamba kwa mara ya kwanza, wakitumia kiinitete cha faru wa kusini, jaribio lilishika mimba. Mama yule kwa bahati mbaya alikufa kwa maambukizi ya bakteria, mimba ikiwa na siku 70. Lakini ilithibitika inawezekana.

Jitahidi kwenye bayolojia basi, hiyo kazi itakuwa haijaisha ukimaliza chuo. Ila nikunong'oneze, Sudan alikuwa na jina, na walinzi wa bunduki, na dunia nzima ikamlilia. Wale furu wa hapo juu, 200 hivi, hakuna hata mmoja aliyeandikiwa tanzia.

Salaam kutoka Unguja. Chui bado yupo au hayupo? Maana huku kila mtu ana lake. (Msomaji, Unguja)

Waalaykum salaam. Wataalamu walishakata tamaa tangu katikati ya miaka ya 1990. Unajua mwenyewe ile imani ya wachawi kufuga chui na kuwatuma kwa watu, baada ya Mapinduzi ilifanyika kampeni ya kuwasaka wachawi na chui wao kwa pamoja, na mashamba nayo yalikuwa yameshamla msitu. Mwaka 2018 ilitoka video ya kamera ya kutega ikidaiwa kumwonesha, haijathibitishwa. Chui wa uhakika ni zile ngozi chache zilizopo kwenye makumbusho. Tukimpata aliye hai tutakuwa wa kwanza kuchapisha, nakuahidi.

Zamani machinjioni kwetu tumbusi walikuwa wanapanga foleni kwenye miti, sasa hawapo. Nani anawala? (Mchinjaji mstaafu, Arusha)

Mzee wangu shikamoo. Hawaliwi, wanalishwa. Simba au fisi akiua ng'ombe, mfugaji mwenye uchungu wake anamwagia mzoga sumu ya wadudu ya shambani ili mla nyama akirudi afe. Anayetangulia kufika ni tumbusi, na tumbusi wanaangaliana angani, mmoja akishuka wanashuka wote, kwahiyo mzoga mmoja unaweza kuondoka na makumi kwa makumi. Majangili nao wanafanya hivyo makusudi, kwa sababu kundi la tumbusi angani linawaonesha askari wa hifadhi tembo kauawa wapi. Ndege huyu anataga yai moja tu kwa mwaka, kufidia hasara ya siku moja kunachukua miaka.

India waliyaona makubwa zaidi. Kuanzia miaka ya 1990 walipoteza zaidi ya asilimia 95 ya tumbusi wa spishi tatu, watu wakahisi ni ugonjwa, kumbe ni diklofenaki, hii hii ya maumivu tunayonunua duka la dawa. Ng'ombe akitibiwa nayo akafa, tumbusi akila mzoga figo zinagoma. Jibu lilipatikana 2004 Pakistan, na 2006 India ikaipiga marufuku kwa mifugo. Huku nyuma mizoga ilikuwa inaoza mashambani na mbwa wa mitaani wakaongezeka, na kichaa cha mbwa nacho. Kwahiyo mzee ukimwona daktari wa mifugo hapo kijijini anachoma ng'ombe diklofenaki, mwulize kama ana meloksikamu, inatuliza maumivu vile vile na tumbusi haimdhuru.

Nimechimba bwawa la samaki karibu na mto, nimeahidiwa vifaranga vya sato kwa bei nzuri. Kuna shida yoyote ya mazingira? Nataka jibu fupi. (Mfugaji mpya, Morogoro)

Fupi: shida ipo kama sato wakitoka. Sato tunayemfuga sana siyo mwenyeji wa mito ya huko kwenu. Wami na Rufiji ina perege wake wa asili, na sato akiingia mtoni anamzidi nguvu, na kibaya zaidi anazaa naye, mnabaki na machotara na perege halisi anayeyuka taratibu. Ziwa Victoria lilishampoteza ngege karibu wote kwa namna hiyo, ngege wa babu zetu sasa unamtafuta kwenye mabwawa na maziwa madogo ya pembeni.

Kwahiyo kabla hujalipia, mtafute afisa uvuvi wa wilaya umwulize kama kuna mbegu ya perege wa asili ya bonde lenu. Kama ni lazima sato, chukua wale wa dume tupu, inua kingo za bwawa zipite pale maji ya mafuriko yalipofika mwaka wa mvua kubwa, waulize wazee watakuonesha, na kwenye bomba la kutolea maji funga wavu wa matundu madogo kuliko kifaranga, mbili siyo moja, uusafishe kila wiki manake ukiziba maji yatapita juu na samaki wako nayo. Na siku ukitaka kubadilisha mbegu, wa zamani uwale au uwauze, usiende kuwamwaga mtoni eti umewaachia Mungu.